Kikundi cha mazingira kijijini Dodoma: mwongozo kamili kuanzia kisiki cha kwanza

Miche ya kwanza ya kikundi chetu ililetwa na lori. Tukaipanda yote kwa siku moja, tukapigwa picha, tukarudi nyumbani tumechoka na kufurahi. Ilipofika Septemba karibu yote ilikuwa imekufa. Mbuzi walikula majani, mchwa wakamalizia mashina. Hatua chache kutoka hapo, ndani ya shamba la mtama, visiki vya miti ya mikungugu vilikuwa vimechipua tena kama vinavyochipua kila mwaka, na sisi tulikuwa tukivifyeka kila mwaka tunapoandaa shamba. Hakuna aliyevimwagilia maji hata kikombe.

Mwongozo huu umetokana na siku hiyo. Nauandika kwa ajili ya mtu wa Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa au vijiji vya pembezoni mwa jiji, anayetaka kukusanya majirani zake ili ardhi, kuni, maji na chakula vidumu. Wa Manyoni na Singida nao watakuta mengi ya kwao. Ninachokisimamia toka mwanzo hadi mwisho ni kimoja: anzeni na kilicho hai tayari kijijini kwenu. Visiki vipo, udongo wa kichuguu upo, samadi ipo zizini, akiba ya shilingi elfu moja kwa wiki ipo. Msaada ukija, ukute kazi inaendelea.

Jambo la pili la kuweka kichwani ni kalenda. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili, wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na mara nyingi Februari hukatika katikati mtama ukiwa bado unahitaji maji. Kwa hiyo kazi ya kikundi haianzi mvua zikianza. Inaanza Juni, mazao yakishaingia ndani, watu wakiwa na nafasi na matumbo yakiwa yameshiba.

Tembea kabla ya kuita kikao

Chukua mzee mmoja anayekumbuka kijiji kilivyokuwa, mama mmoja anayekwenda kuni kila wiki, na kijana anayechunga. Tembeeni asubuhi moja kutoka juu ya kilima hadi kwenye korongo. Usiwahutubie. Uliza: maji ya mvua huingia wapi na kutoka wapi? Kuni zilikuwa zinapatikana wapi zamani, na sasa mnakwenda umbali gani? Ng'ombe hupita njia ipi kiangazi? Kisima cha mchanga kule korongoni hukauka mwezi gani? Andika majibu kwenye daftari na chora ramani, hata kama ni mistari mitatu na alama za miti.

Hatua hii watu wengi huiruka, na mkoa wetu una somo kubwa kuhusu kuiruka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta Kongwa kulima karanga kwenye eneo kubwa mno. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua hazikuja walivyozitarajia, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umeachwa, fedha nyingi za walipakodi wao zikiwa zimepotea. Wagogo waliokuwa wakiishi pale walijua tabia ya mvua na ya udongo ule. Hawakuulizwa.

Somo la pili liko Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika milima ya Irangi iliyokuwa imeliwa na makorongo. Nyasi na miti vilirudi, na anayepita huko leo anaona kwamba ardhi iliyochoka inaweza kupona. Lakini familia zilizotegemea maziwa na samadi zilibeba mzigo mzito, na hatimaye ikabidi ufugaji wa ndani uruhusiwe. Mimi nachukua yote mawili: ardhi hupona ikipumzishwa, na mfugaji lazima awe mezani siku ya kwanza uamuzi unapofanywa.

Watu wa kuanza nao

Watu kumi na tano hadi ishirini na watano wanatosha. Wakizidi thelathini, vikao vinakuwa virefu na wachache ndio wanaofanya kazi. Tafuta watu wanaokaa karibu karibu, wa kitongoji kimoja au viwili, kwa sababu mtalimiana na kulindiana mashamba.

Sharti moja silegezi: angalau wanachama watatu wawe wenye mifugo mingi. Kikundi cha wakulima watupu kitashinda kiangazi chote kikifukuza mbuzi wa jirani, na jirani atawaona maadui. Mwenye ng'ombe hamsini akiwa mwanachama, yeye ndiye atakayemwambia mchungaji wake asipite kwenye vitambaa vyekundu (nitavieleza hivyo vitambaa). Msimu wetu wa pili tulikwenda kwa mzee mmoja mwenye zizi kubwa, tukakaa kwake mpaka jioni, tukanywa maziwa, na hatukumwomba afanye chochote. Tulimuuliza tu nyasi zilikuwa wapi alipokuwa kijana. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kikaoni.

Hakikisha pia akina mama hawawi wa kupika na kushangilia tu. Wao ndio wanaojua kuni na maji, na kwa uzoefu wangu mweka hazina mwanamke huleta utulivu. Vijana wape kazi ya kupima na kutunza kumbukumbu kwa simu.

Chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha andikeni katiba fupi ya kurasa mbili au tatu: jina la kikundi, malengo, sifa za mwanachama, kiingilio, adhabu ya kutohudhuria kazi, jinsi ya kumtoa kiongozi, na fedha zitagawanywaje kikundi kikivunjika. Kipengele hicho cha mwisho watu huona haya kukijadili wakiwa bado wanapendana. Kijadilini hapohapo.

Kusajili si kazi ngumu. Mnapeleka katiba, muhtasari wa kikao chenye orodha ya wanachama na sahihi zao, na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, naye atawaelekeza hadi halmashauri ya wilaya. Mkiwa mnaweka na kukopeshana fedha, mwambieni mapema, kwa sababu vikundi vya kifedha vya kijamii vina usajili wake chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Bila usajili hamwezi kufungua akaunti ya kikundi wala kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule usio na riba wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo huo hutolewa kwa kundi mojawapo kati ya hayo matatu, si kwa kikundi mchanganyiko. Ndiyo maana baadhi ya vikundi huwa na kikundi kidogo cha akina mama au cha vijana ndani yake, chenye katiba na usajili wake.

Sanduku kwanza, jembe baadaye

Hili wengine watanibishia. Wanasema kikundi cha mazingira kikianza na fedha kitageuka kuwa VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa tu, na miti itasahaulika. Mimi nimeona kinyume chake: kikundi kisicho na sanduku hukutana mara tatu, kisha watu wanakuwa na misiba, na mara shughuli za shamba zinaanza, na kimekwisha. Sanduku ndilo linalowaleta watu kila wiki. Wakishafika, kazi ya shamba inafanyika.

Nunueni sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo tatu zikae kwa watu watatu wasio viongozi na wasio ndugu, na sanduku likae kwa mtu wa nne. Hisa moja iwe shilingi 1,000, na mtu anunue hisa moja hadi tano kwa kikao. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mtu. Hesabu zote zifanyike mbele ya watu, kwa sauti, na kiasi kilichobaki kisemwe na kila mmoja akikariri kabla ya kufunga. Asiyejua kusoma atakumbuka tarakimu kuliko katibu.

Gawaneni mwezi wa Novemba. Ukigawana Julai, fedha inakutana na mavuno na harusi. Novemba inakutana na mbegu, jembe la kukokotwa na ng'ombe, na ada na sare za Januari.

Pembeni ya sanduku la fedha wekeni ghala dogo la chakula. Kila kaya ilete debe moja la mtama au uwele baada ya mavuno, lihifadhiwe kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, iliyofungwa vizuri tabaka kwa tabaka, na likopwe Januari hadi Machi, wakati mtu mwenye njaa ndiye anayekata mti kuchoma mkaa wa kuuza. Anayekopa debe anarudisha debe na nusu mavuno yakiingia. Mkiniuliza ni kipi kimeokoa miti mingi zaidi kijijini kwetu, nitalitaja ghala hili kabla ya kitalu chochote.

Kijiji kijue na kikubali

Kikundi hakina mamlaka ya kumzuia mtu kuchunga au kukata. Kijiji kinayo. Peleka hoja kwenye halmashauri ya kijiji, kisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria na unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ombeni mambo mawili tu mwanzoni: eneo la malisho au la kilima la kupumzishwa, na sheria ndogo ya kulinda miti iliyowekwa alama kwenye mashamba.

Sheria ndogo ikitungwa na halmashauri ya kijiji baada ya mkutano mkuu kusikilizwa, inapita kwenye kamati ya maendeleo ya kata na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Huchukua muda. Msisubiri, anzeni na makubaliano ya kitongoji yaliyoandikwa na kusainiwa, yakitaja njia ya mifugo kwa majina ya mahali, mwezi wa kufungua na wa kufunga, na faini. Faini iwe ndogo lakini ilipwe na kila mtu, hata mwenyekiti wa kitongoji.

Kwa eneo la kupumzisha, igeni kwa Wasukuma wa Shinyanga ambao wana ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zikianza na kufunguliwa katikati ya kiangazi nyasi zikiwa zimekomaa. Mfugaji anaelewa ngitili haraka kuliko neno "hifadhi", kwa sababu ni akiba yake mwenyewe.

Kisiki hai, hatua kwa hatua

Hapa ndipo mahali pa kutumia muda wenu. Njia hii ilipewa nguvu mpya nchini Niger miaka ya 1980 na Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia. Baada ya kuhangaika na miche inayokufa, aligundua kwamba vile vichaka vya shambani vilikuwa miti iliyokatwa na bado mizizi yake ni mizima. Kwetu Dodoma shirika la LEAD Foundation limeieneza kwa jina la Kisiki Hai, na jina hilo limekaa vizuri kwenye midomo ya watu.

Kinachofanya kazi ni mzizi. Mche wa kitalu una mzizi wa kiganja na unatakiwa kuvuka miezi saba bila mvua. Kisiki cha mkungugu au mgunga kina mizizi iliyokwishafika chini kwenye unyevu, kwa hiyo chipukizi lake linaweza kupanda kimo cha mtu ndani ya misimu miwili au mitatu likiachwa.

Kazi yenyewe ina vitendo vinne: kuchagua, kupogolea, kuweka alama, kutunza.

Kuchagua: pita shambani baada ya mavuno, tafuta visiki vinavyochipua. Kwenye shamba la mazao chagua visiki 15 hadi 20 kwa ekari, vilivyotawanyika, visivyo kwenye mstari wa plau. Kwenye kilima au malisho acha vingi uwezavyo. Mikungugu, migunga, mikwaju, mininga, yote inafaa. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, acha mchanganyiko, maana mti mmoja huleta maganda ya kulisha mbuzi, mwingine matunda, mwingine mbao kwa wajukuu.

Kupogolea: kila kisiki kina chipukizi nyingi, pengine ishirini. Acha tatu hadi tano zilizonyooka na zenye nguvu, zilizotoka chini karibu na udongo. Nyingine ondoa. Kwenye zile ulizoacha, toa matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu, usizidi hapo, mti unahitaji majani kutengeneza chakula chake. Tumia kisu au panga kali, ukate kutoka chini kwenda juu, karibu na shina. Ukikata kutoka juu kwenda chini, tawi linachanika na kuvua gamba la shina, na hapo wadudu huingia. Panga butu halifai. Nasema hivyo kwa sababu kosa kubwa la siku ya kwanza ni kila mtu kuja na panga la nyumbani ambalo halijanolewa tangu mwaka jana.

Matawi uliyotoa usiyachome. Yenye miiba yazungushe kisiki kama ua mdogo dhidi ya mbuzi. Yaliyobaki ni kuni za wiki hiyo, na mama wa nyumba akiona kuni zimetoka shambani bila kwenda porini, umeshampata mwanachama.

Kuweka alama: funga kitambaa chekundu, au chochote kinachoonekana, kwenye chipukizi kubwa. Kitambaa kinasema mti huu una mwenyewe. Mchungaji anakiona, mkulima wa kibarua anakiona, mtoto anayetafuta fito anakiona. Tangazeni maana yake shuleni, msikitini, kanisani na kilabuni.

Kutunza: rudi kila baada ya miezi miwili au mitatu, toa chipukizi mpya na panda juu kidogo na upogoleaji kadiri mti unavyorefuka. Baada ya mwaka mmoja au miwili unaweza kuvuna chipukizi moja kwa fito na kuacha zinazobaki. Hivyo mwenye shamba anapata kuni kila mwaka bila kuua mti.

Wapo watakaosema mti shambani unaleta ndege wanaokula mtama. Msibishane nao. Hoja hiyo ina ukweli, hasa kwa uwele na mtama mweupe. Wasaidieni kupogolea juu zaidi na kuanza na visiki vya mipakani, na baada ya misimu miwili linganisheni mtama ulio karibu na mti na ulio mbali. Macho yao yataamua.

Kuyazuia maji yasikimbie

Mvua yetu huja kwa fujo: saa moja ya mafuriko, kisha wiki mbili jua. Maji yanayokimbilia korongoni ni chakula kinachoondoka. Ili kuyasimamisha, lazima ujue mstari wa usawa wa ardhi, na kifaa chake unakitengeneza mwenyewe.

Chukua fito mbili zilizonyooka za mita mbili, zifunge juu zipanuke chini kama herufi A, weka fito fupi ya kukatiza katikati, na juu ninginiza kamba yenye jiwe. Simamisha kifaa sehemu yenye mteremko kidogo, weka alama miguu inapokanyaga, na weka alama kwenye fito ya katikati kamba inapogusa. Kisha geuza, mguu wa kulia uende mahali pa kushoto palepale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kamba inapokaa ardhi ikiwa sawa. Anza pembeni mwa shamba, sogeza mguu mmoja juu au chini mpaka kamba itulie katikati, piga kigingi, zungusha, endelea. Vijana wawili wanamaliza ekari moja kwa asubuhi moja.

Kwenye mstari huo chimba mtaro wa sentimita 60 upana na 60 kina, udongo ukitupwa upande wa juu wa mteremko. Hiyo ndiyo kinga maji iitwayo fanya juu. Acha nafasi ya kiganja hadi futi moja kati ya mtaro na tuta ili udongo usirudi ndani. Ndani ya mtaro acha vizuizi vya udongo kila baada ya mita kadhaa, kwa sababu mtaro ulio wazi mwanzo hadi mwisho hugeuka mfereji na maji yatavunja upande mmoja. Juu ya tuta panda nyasi zinazostahimili ukame. Senkrasi inafaa na ng'ombe wanaipenda, na kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI kule Kongwa kina uzoefu nayo. Makinga maji yanakuwa karibu karibu mteremko ukiwa mkali, na mbalimbali ukiwa wa taratibu.

Kwa mwenye shamba dogo lisilo na mteremko mkali, mimi napendekeza zaidi mashimo ya Chololo, yaliyopata jina kutoka kijiji cha Chololo hapa Dodoma. Kijiji hichohicho kuanzia mwaka 2011 kilikuwa na mradi wa kijiji cha mazingira uliosimamiwa na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya. Shimo moja lina upana wa sentimita 22 na kina cha 30. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, na mstari hadi mstari sentimita 90, mistari ikifuata usawa wa ardhi. Udongo unaotoka unafanywa tuta dogo kuzunguka shimo. Ndani unaweka majivu chini kufukuza mchwa, kisha samadi iliyooza, kisha mabaki ya mazao, halafu unarudisha udongo kiasi, ukiacha nafasi juu ya maji kutuama. Mvua ya kwanza ikinyesha unapanda mbegu moja au mbili.

Fanya hesabu kabla ya kuahidi. Ekari moja kwa vipimo hivyo inabeba mashimo karibu 7,500. Mtu mmoja hawezi peke yake kabla ya mvua. Kwa hiyo mwaka wa kwanza kila mwanachama achimbe robo ekari, yaani kama mashimo 1,875. Watu ishirini wakienda kwa mwanachama mmoja, kila mmoja akichimba thelathini kwa asubuhi, ni mashimo 600. Robo ekari inaisha kwa asubuhi tatu na kidogo. Samadi, ukiweka nusu kilo kila shimo, utahitaji takriban tani moja, kwa hiyo mkokoteni wa punda uanze safari zake Julai. Ndipo utakapoona tena umuhimu wa wafugaji ndani ya kikundi.

Ratiba ya kulimiana iandikwe kwa kura, wajane na wazee wakitangulia. Mwenye shamba anapika ugali na mlenda, au togwa inatosha. Pombe baada ya kazi, si kabla.

Mbegu zipandwe za muda mfupi. Mtama wa Macia unakomaa mapema na unapatikana. Waulize watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Hombolo au afisa ugani wenu kuhusu kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora, yaani mbegu bora zinazozalishwa na wakulima wenyewe kijijini. Kikundi kilichosajiliwa kwa kazi hiyo kinaweza kuzizalisha na kuziuza kwa wakulima wa jirani.

Jiko na maji ya nyumbani

Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Gesi ikifika na mtu akaweza kununua mtungi, vizuri. Mpaka siku hiyo, jiko banifu la udongo linagharimu nguvu tu.

Chimba udongo wa kichuguu, upondeponde, uchanganye na nyasi kavu zilizokatwa fupi, ukande kwa miguu kama udongo wa kukandika tembe. Finyanga donge, lidondoshe kutoka kiunoni. Likipasuka, ongeza udongo wa mfinyanzi au ukande zaidi. Jenga kuzunguka sufuria unayoitumia kila siku, si ya kuazima, kuta zikiwa na unene wa kiganja. Kati ya sufuria na ukuta acha nafasi ya kidole. Mlango wa kuni uwe mdogo, ili gogo zima lisipite; hapo ndipo kuni zinapookolewa. Lianikwe kivulini majuma mawili au matatu, ukiziba nyufa kila siku, kabla ya kuwasha moto mkubwa.

Kila mama apime mwenyewe: mzigo mmoja wa kuni kwenye mafiga matatu ulidumu siku ngapi, na kwenye jiko jipya unadumu siku ngapi. Majibu yaandikwe daftarini. Kama tofauti ni ndogo, jiko lina kosa, mara nyingi mlango ni mpana mno.

Maji ya paa ni hesabu rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 40 kwa mvua ya milimita 550, ukitoa sehemu inayopotea, linaweza kukupa zaidi ya lita 17,000 kwa msimu. Anzeni na mfereji wa bati na pipa, maji ya mvua ya kwanza yaachwe yasafishe paa, na mfuko wa kikundi ununue tangi moja baada ya jingine kwa zamu.

Mizinga ya nyuki ningependa kuieleza kwa urefu lakini inahitaji mafunzo ya kushika. Kwa kifupi: msiianze kabla ya mwaka wa pili, miti ikiwa imeanza kutoa maua, itundikwe kwenye kamba au waya kuepusha mchwa na nyegere, na maji yawe karibu.

Daftari, ugomvi na wageni

Katibu aandike kila mwezi vitu vichache: visiki vilivyowekwa alama na vilivyo hai, mashimo yaliyochimbwa, magunia yaliyovunwa kwa shamba lenye mashimo na lisilo nayo, akiba. Piga picha mahali palepale, umesimama palepale, Machi na Oktoba. Picha hizo ndizo zitakazozungumza na afisa wa wilaya.

Ng'ombe wataingia tu siku moja. Siku hiyo msiende usiku na msiende wengi. Waende wawili, mmoja mfugaji, wamkute mwenye ng'ombe nyumbani kwake asubuhi, waseme kilichoharibika kwa idadi ya visiki, si kwa hasira. Akikubali, faini iingie kwenye ghala kama debe la nafaka kuliko fedha mfukoni mwa mtu. Akikataa, ndipo mtendaji na baraza la kata.

Kijiji jirani kitasikia na kuja. Msiwapokee kwa risala. Wapelekeni shambani kungali na ubaridi wa asubuhi, mpeni kila mmoja kisu kilichonolewa na kisiki kimoja. Apogolee mwenyewe, akosee, aelekezwe, afunge kitambaa chake. Andikeni daftarini kisiki hicho ni cha nani, na mwakani mumwite aje akione.